Honi ya Lori la Maji

Mwanangu Rehema,

Nakuomba radhi kwa kunyamaza miaka tisa. Utashangaa kuombwa radhi hiyo na mtu uliyekunywa naye uji leo asubuhi, mtu aliyekuuliza kama umekwisha kukunja nguo zako, kisha akakukemea kwa kuacha mlango wa banda la kuku wazi. Sauti yangu umeisikia kila siku. Lakini liko jambo moja ambalo sijalisema tangu ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, na nimesema mengi mno juu ya mambo mengine ili nisilifikie hilo.

Ninaandika nikiwa darasani. Wanafunzi wamekwenda zao na jua halijazama. Nimekaa kwenye dawati la nyuma, si kwenye meza ya mwalimu, kwa sababu pale mezani mkono wangu huandika kama unaosahihisha. Nikimaliza, barua hii nitaitia ndani ya raba yako ya kushoto, ile iliyoshonwa na fundi wa Korogwe. Najua basini utapanda na ndala, na raba hutazigusa mpaka utakapofika Dar es Salaam. Nataka uisome ukiwa mbali nami, na kabla ya siku ya mbio.

Habari ya nauli, ya shuka, ya nyumba utakayofikia na nani umwamkie kwanza, mama yako amekueleza mara tatu. Mimi sitaongeza.

Tangu lile gazeti lilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, likisema kwamba madaktari wa Dar es Salaam wanatafuta vijana wa kukimbia marathoni, maili ishirini na sita, ili watu wachangie uchunguzi wa ugonjwa wa sukari kwa watoto, nimekuona ukitoka alfajiri na kurudi jua likiwa limepanda. Kijiji kizima kimekuona. Mwanzoni walicheka. Nilikuwapo siku ile Mhando, balozi wetu wa nyumba kumi, alipokusimamisha barabarani.

"Wewe binti, nani anakufukuza?"

"Hakuna, baba mdogo. Ninafukuza mimi."

"Basi ukimkamata mlete huku, tumtie kwenye shamba la pamoja. Watu wa kulima hawatoshi."

Baadaye waliacha kucheka, wakaanza kuchanga. Huyu alileta mahindi, yule alileta kunde, na Mhando mwenyewe alimtoa jogoo wake mwekundu. Alikukabidhi akiwa amemshika jogoo mguu, akasema, "Ukishika mkia huko Dar es Salaam, usirudi kwa njia ya kwangu. Wajane wake watakuuliza." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nilikuwa sijakusikia ukicheka hivyo kwa muda mrefu, nami nikatamani Mhando awe na jogoo wengine kumi.

Lakini Jumamosi iliyopita nilisikia jambo ambalo halikukusudiwa masikio yangu. Nilikuwa upande wa pili wa ua wa matete, ninanoa panga. Ulikuwa umerudi kutoka kwenye mbio zako, na Zaina, binti wa Mhando, alikuwa amekuletea kata ya maji.

"Kunywa basi, Rehema. Midomo imekukauka kama gome la mti."

"Sinywi nikiwa kwenye mbio."

"Mbio gani tena? Si umekwisha kufika nyumbani?"

"Bado. Ninazunguka kijiji mara moja tena."

"Na huko Dar es Salaam? Joto la pwani si hili letu. Wanasema wataweka meza za maji njiani."

"Watakunywa wengine. Mimi nilikwisha kusimama njiani kunywa maji siku moja, Zaina. Inatosha."

Zaina hakuelewa. Alisema una kichaa, akayanywa maji yale mwenyewe. Mimi nilielewa. Niliacha kunoa, nikakaa na panga mapajani mpaka mama yako alipokuja kuniuliza kama nimejikata. Nilimjibu kwamba sijajikata.

Ndipo nilipojua kwamba miaka hii yote unaibeba siku ile jinsi ulivyoieleza ulipokuwa mtoto, na si jinsi ilivyokuwa. Nami ninaijua ilivyokuwa.

Nianze na mimi, maana kosa lilianza zamani.

Mwaka wa Uhuru nilikuwa mwalimu kijana Korogwe, nimetoka chuoni juzi tu, nimefundishwa na watu ambao kwao kifungo kisichofungwa kilikuwa kosa la kurudishwa bwenini. Katika sherehe zile nilipewa kazi ya kuwapanga wanafunzi uwanjani. Niliwapanga vizuri mno. Mgeni rasmi alichelewa, jua likawa kali, na mtoto mmoja wa mstari wa tatu akaanguka. Wenzake walitaka kuvunja mstari wamwinue. Nilisema, "Kila mtu mahali pake," nikaenda kumwinua peke yangu, taratibu, mstari usiharibike. Baada ya sherehe nilisifiwa kwa ule mstari. Hakuna aliyeniuliza habari za mtoto, nami sikumbuki jina lake. Sifa ile nilikaa nayo miaka mingi kama mtu anayelala juu ya godoro zuri.

Kwa hiyo tulipohamishiwa katika kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa kwa kamba, wengi walinung'unika, lakini mimi nilifurahi. Nilipapenda kwa sababu palikuwa na mstari. Ila kwa bibi yako mpango ule ulikuwa mateso. Alikuwa ametoka Mashewa kuja kukaa na binti yake baada ya kufiwa na mumewe. Unajua desturi: mkwe hasemi na mkwe ana kwa ana, wala hawakutani njiani bila mmoja kupisha. Huko kwetu zamani nyumba zilikuwa mbali, mtu aliweza kumheshimu mkwewe kwa kutomwona mwezi mzima. Hapa nyumba yake na yangu zilitenganishwa na hatua kumi na mbili. Ndiyo maana nilijenga ule ua wa matete. Na ndiyo maana bibi yako alikohoa kila alipotaka kutoka nje, nami nikageuka nitazame ukutani. Athumani aliwahi kuniuliza, "Baba, bibi ana kifua?" Nikamwambia, "Ana adabu."

Athumani. Nimeliandika jina lake, na mkono haukukataa.

Sijui wewe unamkumbuka vipi. Mimi ninamkumbuka kwa sauti ya lori. Lori la maji lilikuja mara mbili kwa wiki kutoka Korogwe, limejaza maji ya mto, kwa sababu lambo letu lilikuwa limebaki tope na vidimbwi vichache. Dereva alimwaga maji tangini, akala, akapumzika, na adhuhuri akapiga honi mara tatu kabla ya kurudi. Athumani alijifunza yote: gia ya kwanza, gia ya pili, breki, na zile honi tatu, zote kwa mdomo. Alikuwa akiendesha bua la mkonge kuzunguka nyumba, na watu wakamwita Dereva. Alikuwa na miaka saba. Alikuwa akinipakia. "Baba, panda, lori linaondoka." Nami nilikuwa ninasahihisha madaftari, ninamwambia, "Nitapanda safari ijayo."

Mimi ndimi niliyekuwa katibu wa kamati ya maji. Kila kaya ilikuwa na ndoo zake, na kila mtu alijua kata zake kwa siku. Kanuni niliziandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Mojawapo ilisema kwamba hakuna mtu atakayepanda lori la maji bila cheti chenye saini ya katibu, kwa sababu watu walikuwa wameligeuza kuwa basi la kwenda sokoni. Ilikuwa kanuni ya haki. Hata leo ninaamini ilikuwa ya haki. Ikumbuke kanuni hiyo, nitairudia.

Mwaka ule Athumani alianza kunywa. Alimaliza kata zake kabla ya saa nne asubuhi. Alikunywa maji ya kuoshea vyombo. Nilimkuta akiinama kwenye kigae cha maji ya kuku. Na siku moja mwalimu mwenzangu alimleta kwangu mbele ya shule nzima, amemshika sikio, amemkuta kwenye pipa la maji ya shule. Mtoto wa katibu wa maji! Niliona watu wakinitazama. Nilimchapa fimbo mbili pale pale, na jioni nikampunguzia kata moja, ili kijiji kione kwamba kwangu hakuna upendeleo. Alipoanza kulowesha mkeka, nilisema ni matokeo ya wizi wake wa maji. Alipokonda, nilisema ni utundu. Hakulalamika. Alikaa kivulini na bua lake la mkonge, akaendesha polepole, kwa gia ya kwanza tu.

Wewe ulikuwa ukimpa maji yako. Nilijua. Nilikuwa ninahesabu kata, ningekosaje kujua? Nilikuacha ufanye hivyo, na sikujiuliza kwa nini mtoto wa miaka kumi na mmoja aliona kitu ambacho baba yake hakukiona.

Sasa nifike siku yenyewe.

Mama yako alikuwa amekwenda Mashewa kwenye msiba wa shangazi yake. Mimi nilikuwa kwenye shamba la pamoja, maili mbili kutoka nyumbani, kwenye kikao cha wazee na viongozi kabla ya palizi. Nyumbani mlikuwa watatu: bibi, wewe na Athumani. Bibi aliamka akaona sisimizi wamejipanga nyuma ya nyumba, mahali alipokojoa Athumani, kama wanavyojipanga kwenye jungu la asali. Akamtazama mtoto vizuri, akaona anavyohema. Alikuwa amepata kuona mtoto wa namna hiyo Mashewa. Yule mwingine walimbeba mpaka kwa watu wa misheni Lutindi, na hawakungoja.

Hakuweza kuja kwangu. Hakuweza hata kusimama mwisho wa shamba akaniita, kwa sababu mimi ni mkwewe na pale palikuwa na wanaume kumi na wanne. Hakuweza kumpandisha mtoto lorini, kwa sababu ya cheti changu. Alikuwa na mjumbe mmoja tu, nawe ulikuwa mjumbe huyo.

Alikwambia: "Mwambie baba yako sisimizi wanamfuata mtoto. Mwambie ni ugonjwa, si utundu. Lori liko hapa. Aandike cheti, twende Korogwe leo."

Ulikimbia. Nilikuona ukitokea mbali, huna kanga begani, vumbi mpaka magotini. Ulifika katikati ya kikao, ukasema kwa pumzi, "Baba, bibi amesema —" nami nikainua mkono. Nilikwambia, na maneno haya ninayakumbuka yote: "Wewe umeingia zizini? Hawa ni ng'ombe? Rudi pale kwenye kisiki, uje kwa adabu, uwaamkie wazee."

Ukarudi kwenye kisiki. Ukaja tena ukitembea. Ukaanza kwa mzee wa kwanza. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Wa pili. "Shikamoo, baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Mzee Kilo akakuuliza habari za nyumbani, ukamjibu kwamba ni nzuri, kwa sababu ndivyo nilivyokufundisha kujibu. Mimi nilijisikia fahari. Niseme ukweli: nilijisikia fahari, kwa sababu wazee waliona kwamba mtoto wangu ana malezi.

Ulipokuwa unamwamkia mzee wa tisa, honi ililia kijijini. Mara tatu.

Rehema, niliisikia. Wewe hukuisikia, kwa sababu damu ilikuwa inapiga masikioni mwako na ulikuwa ukihesabu wazee waliobaki. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gogo, kimya, sina kazi. Niliisikia honi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Sikujua bado ulichotumwa. Lakini nilijua kwamba mtoto hakimbii maili mbili juani kwa jambo dogo. Ulimaliza wazee wote kumi na wanne. Kisha ukasema yote. Hukusahau neno hata moja: sisimizi, ugonjwa, si utundu, cheti, Korogwe, leo.

Mzee mmoja alisema, "Sukari dukani hatujaiona mwezi wa tatu huu. Sisimizi wa kwako wameipata wapi, Katibu? Utuonyeshe njia!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nilikwambia, "Mwambie bibi nitakuja jioni." Na wakati bado wanacheka, lori lilipita barabarani, chini kabisa ya shamba. Nililiona vumbi lake. Ningesimama na kuinua mkono tu, dereva angesimama, maana alikuwa ananiogopa kuliko alivyomwogopa Katibu wa Chama. Angegeuza, angerudi kumchukua mtoto. Sikusimama, kwa sababu kikao kilikuwa kimeanza tena na mimi ndimi niliyekuwa ninaandika.

Jioni nilipofika nyumbani nilimkuta Athumani amelala, anahema kwa nguvu, na pumzi yake inanuka kama mapera yaliyoiva kupita kiasi. Usiku ule nilikuwa na akili zote, lakini sikuwa na lori. Asubuhi tulimbeba kwa machela mpaka barabara kuu, tukapata gari la mkonge, tukafika Korogwe jua la utosi. Daktari alijitahidi siku mbili. Alikuwa mtu mpole. Aliniambia kwamba angempata jana yake pengine ingekuwa habari nyingine, na kwamba ugonjwa huu kwa watoto haujulikani vizuri, wengi huzikwa bila mtu kujua walikuwa wanaumwa nini. Kisha akaniuliza, "Kwa nini mmechelewa?"

Nilijibu, "Usafiri."

Siku ya tatu ya matanga mama yako, ambaye alikuwa amerudi kumkuta mwanawe ardhini, alikuuliza mbele ya watu, bila hasira, kama mtu anayeuliza kisu kiko wapi: "Bibi alikutuma kwa baba yako lori likiwa bado lipo. Mbona hukuwahi?"

Nawe ukasema, "Nilisimama njiani, mama. Nilikunywa maji lamboni."

Mimi nilikuwa nimekaa pale. Umbali wa mkeka mmoja. Watu walisema, "Masikini, mtoto ni mtoto," mama yako akajifunika uso, nami nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nitasema watu wakiondoka. Walipoondoka nikajiambia kwamba nitasema baada ya arobaini. Baada ya arobaini niliona umeanza kucheza na wenzako, nikajiambia kwamba umesahau.

Bibi yako hakusahau. Jioni moja nilikuwa nimekaa upande wangu wa ua, nikasikia kikohozi chake. Niligeuka ukutani kama kawaida, nikangoja apite. Hakupita. Alisema, kupitia matete, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, moja kwa moja kwangu: "Baba Rehema. Mtoto aliwahi. Niliuangalia mwendo wake, na lori nililiangalia likiondoka. Maneno haya sitampa binti yangu. Ni yako." Kisha akaenda zake. Desturi iliniruhusu kutojibu, nami nikaitumia. Mwaka uliofuata tulimzika, na mimi ndimi niliyeongoza watu kaburini, nikaonekana mkwe mwema.

Unajua mama yako hajakutuma jambo la haraka tangu siku ile? Anakutuma chumvi, kuni, kumpelekea mtu chakula. Lakini likiwapo jambo la haraka, humwita Zaina. Hafanyi makusudi, wala hakuchukii. Nimemwona akifungua mdomo kuliita jina lako, kisha akaufunga. Nawe umemwona, kwa sababu kila mara hutoka nje ukaanza kukimbia.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Uliposimama lamboni ukanywa maji, ulikunywa kama anavyokunywa mtoto aliyekimbia. Hukupoteza kitu. Ulipofika shambani lori lilikuwa bado kijijini, dereva anamalizia ugali wake. Muda uliopotea ulipotea baina ya kile kisiki na mzee wa kumi na nne, na aliyeupoteza ni mimi. Uliwahi. Ningekuambia siku ile, ungelia siku moja, ukalala. Sikukuambia, na sasa unataka kukimbia maili ishirini na sita kwenye joto la Dar es Salaam bila tone la maji, ili ulipe kosa la mtu mwingine.

Siwezi kukushauri mengi. Nimekuwa mwalimu miaka zaidi ya ishirini, na katika yote niliyofundisha lipo moja tu ninaloweza kuapa kwamba ni kweli, nalo sikulifundisha. Mtu akikujia anahema, mpe maji, umsikilize. Salamu atazitoa baadaye. Huko uendako wanasema ukimaliza mbio utabaki kujifunza kazi ya maabara kwa wale madaktari. Watakuja kina mama kutoka vijijini, wamebeba watoto waliokonda, watasimama mlangoni wasijue waanze na nani. Wengine watakuwa wametumwa na bibi zao. Wengine watasema habari za sisimizi. Usiwarudishe kwenye kisiki.

Wale madaktari wameomba wazazi waeleze ugonjwa ulivyoanza kwa watoto wao. Ile karatasi uliyoniachia mezani mwezi wa jana, ukaiona haijaguswa, nimeijaza leo. Imo ndani ya raba ya kulia. Mahali palipoulizwa mtoto alianza lini kunywa maji mengi, nimeandika miezi miwili kabla, na hatua nilizochukua nimeziandika zote, pamoja na fimbo. Palipoulizwa sababu ya kuchelewa kufika hospitali, sikuandika usafiri. Wakabidhi kama ilivyo. Kama itawasaidia kumtambua mtoto mmoja mapema, basi hiyo ndiyo safari aliyoniambia Athumani nipande, nami nimechelewa kupanda.

Ninakukumbuka tayari, na bado hujaondoka. Kutoka dirishani hapa ninakuona ukianua nguo. Umeshika shuka kwa meno, kama alivyokuwa akifanya bibi yako. Kesho saa hizi kamba ile itakuwa na nguo za watu wawili tu. Nitasikia nyayo barabarani alfajiri, nitainua kichwa, na atakuwa Mhando akifuata kuku wake.

Jambo moja limebaki, ambalo hulijui bado nawe lazima ulijue. Mama yako sijamwambia. Nitamwambia kesho, basi likisha kuondoka, kabla hatujafika nyumbani. Nilifikiri nikuombe wewe umwambie, kwa kuwa wewe anakupenda na mimi ananiheshimu tu, lakini nikaona kwamba nilikuwa ninakufanya mjumbe tena. Hutabeba neno hili. Nitalibeba mwenyewe, kwa miguu yangu, na sitangoja aniamkie.

Sijui atafanya nini. Huenda akarudi kwao Mashewa. Huenda akakaa nami asiniambie neno. Nimeweka akiba ya nauli ya watu wawili mpaka Dar es Salaam, na nimeuliza siku ya mbio tutasimama wapi. Akikubali kuja nami tutasimama kwenye meza ya maji ya mwisho, kabla ya uwanja, mimi upande mmoja na yeye upande wa pili, na kila mmoja atakuwa na kata. Asipokubali, nitasimama peke yangu. Akinikataza kuja, sitakuja, kwa sababu haki ya kuamua ni yake. Lakini meza zile zitakuwapo, tuwepo tusiwepo. Kunywa kwenye ya kwanza. Kunywa kwenye ya pili. Simama kabisa ukinywa, umeze, uvute pumzi. Hakuna lori linaloondoka.

Mama yako akisha kuamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, na barua nitaipeleka posta Korogwe mwenyewe.

Baba yako.